Kielezi Katikati au Mwishoni: Ulinganisho kwa Wanaozungumza Kiingereza Kazini Unguja na Pemba

Kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, mkwezi anapanda mnazi kwa kamba ya miguuni na chini yake muongoza watalii anawaeleza wageni kinachotendeka. Kiingereza anachokitumia hapo karibu chote ni cha jambo linaloendelea mbele ya macho: "He is climbing", "He is cutting the coconuts", "He is coming down". Mpaka hapo wengi hawakosei. Shida huanza anapotaka kuongeza neno moja tu la namna au la wakati: haraka, bado, sasa, kila mara, kwa uangalifu. Neno hilo, yaani kielezi, alitie wapi?

"He is quickly climbing the tree."
"He is climbing the tree quickly."
"He is climbing quickly the tree."

Mbili za mwanzo ni sahihi, ya tatu si sahihi. Lakini hata hizo mbili hazina uzito mmoja, na vipo vielezi ambavyo ukivihamisha kutoka katikati kwenda mwishoni sentensi inageuka maana yote. Kwa hiyo sikubaliani na wanaowaambia wanafunzi kwamba popote ni sawa, mzungu ataelewa tu. Mtu anayetafuta riziki kwa Kiingereza, awe mapokezi ya hoteli Nungwi, bandarini Malindi au kwenye msitu wa Jozani, ana haki ya kujua achague ipi na kwa sababu gani.

Mwanya usiokuwepo katika Kiswahili

Sisi tunasema "anapanda" na kila kitu kimo ndani: nani, wakati gani, anafanya nini. Hakuna pa kuchomeka neno kati ya "-na-" na "-panda". Kiingereza kimekata vipande viwili, "is" na "climbing", na kati yao kuna mwanya. Mwanya huo ndio makazi ya vielezi vingi, na ndio tunaousahau kwa sababu lugha yetu haijatuzoesha kuutafuta. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayeandika "Still she is cooking" hakukosa msamiati. Ameweka tu "bado" pale tunapoiweka sisi: bado anapika.

Kwa Kiingereza, "Still" ikikaa mwanzoni kabisa husikika kama "hata hivyo". "Still, she is cooking" ni kama kusema: anaumwa, lakini hata hivyo anapika. Ukitaka ile bado ya kawaida, iingize mwanyani: "She is still cooking".

Ninayopendekeza ni kujiuliza swali moja kabla ya kusema. Hili neno linaeleza mkono unavyofanya kazi, au linaeleza habari ya jambo zima, kwamba bado lipo, limeshaanza, huenda lipo, hutokea mara kwa mara? Likiwa la habari ya jambo zima, mahali pake ni katikati: still, already, probably, always, also, just. Likiwa la namna mkono unavyofanya kazi, mahali pake pa kwanza ni mwishoni: quickly, carefully, quietly, well. Swali hili halimalizi kila kitu, ila linakata sehemu kubwa ya mashaka.

Jozi moja ya Jozani inatosha kuonesha:

"The monkey is still sitting."
"The monkey is sitting still."

Ya kwanza ni kwamba kima bado amekaa, hajaondoka. Ya pili ni kwamba kima ametulia, hatikisiki. Neno ni lilelile, herufi hazikubadilika, kilichobadilika ni kiti. Muongoza watalii anayetaka kumwambia mgeni apige picha sasa kwa sababu mnyama ametulia, anahitaji ya pili. Anayetaka kumwambia aliyechelewa nyuma kwamba ajitahidi, kima hajaenda, anahitaji ya kwanza.

Vielezi vya namna: hapa ndipo pa kuchagua kwa makini

Chukua akina mama wa Paje na Jambiani wanaofunga vishada vya mwani kwenye kamba maji yanapokupwa. Sentensi mbili hizi zote ni sahihi:

"The women are carefully tying the seaweed."
"The women are tying the seaweed carefully."

Katikati, uangalifu unakuwa rangi tu ya picha. Habari kuu ni kwamba wanafunga mwani, na pembeni unatupa sifa. Mwishoni, uangalifu wenyewe ndio habari. Namna ya kuhakikisha ni hii: mgeni akiuliza "How are they tying it?", jibu lake ni lile lenye neno mwishoni. Akiuliza "What are they doing?", jibu la katikati linakaa vizuri zaidi. Mimi ningemshauri anayeanza ashike mwishoni kwa vielezi vyote vya namna, kwa kuwa hapo ni nadra kukosea. Katikati ni kwa anayesimulia, anayeandika maelezo ya picha au tangazo la safari, anayetaka sentensi iende kwa utulivu.

Tena katikati haikubali kila neno la namna. Inakubali yale yenye "-ly". Well, fast, hard na late hayaingii. "She is speaking English well" ni sawa, "She is well speaking English" haisemwi. "The boat is arriving late" ni sawa. Na usijaribu kulipamba hilo "late" kwa kulitia "-ly" ili lipate ruhusa, maana "lately" ni neno jengine kabisa, ni "siku hizi za karibuni".

Hatari kubwa kuliko hiyo iko kwa "hard". Siku ya masika mgeni anapiga simu mapokezi kuuliza hali ya hewa:

"It is raining hard."
"It is hardly raining."

Ya kwanza ni mvua kubwa, asitoke. Ya pili ni kwamba mvua ni kama haipo, matone mawili matatu. Yanapingana kabisa. Aliyedhani "hardly" ni "hard" iliyovaa vizuri atamtoa mgeni kwenye gharika.

Na "clearly":

"He is speaking clearly."
"He is clearly speaking."

Mwishoni, anazungumza kwa ufasaha, kila neno linasikika. Katikati, ni wazi kwamba anazungumza, mtu hana haja ya kubisha. Vielezi vya jamii hii, ambavyo vinaweza kueleza kitendo au kueleza maoni ya msemaji, ndivyo vinavyostahili muda darasani, kuliko orodha ndefu za "adverbs of manner" ambazo wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau wiki ya pili.

Kati ya kitenzi na kinachotendwa

Kiswahili kinaturuhusu kusema "anazungumza Kiingereza vizuri" na pia "anazungumza vizuri Kiingereza". Masikio yetu hayashtuki. Kiingereza kinashtuka. Kitenzi na kitu kinachotendwa hukaa bega kwa bega, na kielezi hakipenyi:

"They are drying the cloves slowly", siyo "They are drying slowly the cloves".
"I am enjoying the food very much", siyo "I am enjoying very much the food".

Hili la pili nalisikia mno, hata kwa watu wanaozungumza Kiingereza kizuri. Likirekebishwa peke yake, lugha ya mtu inapanda daraja.

Lakini usilibebe hadi likakuzuia kusema yaliyo sahihi. Kitenzi kikifuatwa na "to", "at" au "with", mlango upo wazi: "She is talking quietly to the guests", "He is looking carefully at the bark". Na kinachotendwa kikiwa kirefu, Kiingereza chenyewe hukisogeza kielezi mbele ili kisipotelee mwisho wa safari: "He is explaining patiently how the cloves are picked, stemmed, dried on mats and taken to be weighed." Ukiiacha "patiently" mpaka baada ya "weighed", msikilizaji hatajua tena nani ana subira, aelezaye au apimaye. Anayewaeleza wageni kazi ya karafuu huko Wete au Mkoani atakutana na sentensi kama hii kila siku ya mavuno.

"Always": shukrani au lawama

Hapa katikati hakuna mpinzani, lakini kuna chaguo jengine la kufanya: wakati wa kitenzi.

"He always asks questions."
"He is always asking questions."

Ya kwanza inaeleza tabia bila kuihukumu. Ya pili ina hisia ndani yake, na mara nyingi hisia hiyo ni kuchoshwa. Ni sawasawa na Kiswahili chetu cha "kila siku yeye kuuliza tu". Mfanyakazi anayemwandikia meneja taarifa kuhusu mgeni wa chumba fulani, akaandika "She is always calling reception", ameshamlalamikia mgeni huyo, hata kama nia yake ilikuwa kutoa taarifa tu. Akitaka kubaki upande wa heshima, "She often calls reception" inamtosha.

Hisia hiyo inaweza pia kuwa ya upendo: "My grandmother is always feeding the neighbours' children." Kinachoamua ni kitendo chenyewe na sauti ya msemaji.

"Usually" haina moto huo. Nayo hukaa katikati, lakini inahitaji saa ya kujishikiza: "At sunset I am usually walking to the mosque." Maana yake jua linapozama, mara nyingi huwa niko njiani tayari. Bila saa hiyo, tumia wakati wa kawaida: "I usually walk to the mosque."

Sasa hivi, tayari, pengine

"Now" inakubali pande zote tatu na kila upande una kazi yake. Unapopita na wageni Forodhani mbele ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, sema "We are now passing the House of Wonders". Hiyo ni lugha ya kuongoza msafara, inafungua kituo kipya katika maelezo. "We are passing it now" ni ya mtu aliyeulizwa kwenye simu mko wapi. Na "Now we are passing it" inafaa ukiwa umemaliza habari ya Ngome Kongwe na unataka wageuze shingo. Mabaharia na watangazaji wa boti hupenda ya katikati, "The boat is now boarding", kwa sababu ina sauti ya tangazo. Ukimwambia rafiki yako hivyo utasikika kama kipaza sauti.

"Right now", "at the moment", "every day" na vikundi vyengine vya maneno zaidi ya moja viache mwishoni au mwanzoni. "Currently" ndiyo inayowakilisha maana hiyo katikati, hasa kwenye barua: "We are currently accepting bookings for July."

"Already" mahali pake ni katikati, ila ikienda mwishoni inaongeza mshangao. Kidike kule Pemba, popo wakubwa wa matunda huondoka mitini jioni kutafuta chakula. "The bats are already leaving" inatoa habari kwamba wameshaanza. "The bats are leaving already!" ni ya mtu aliyedhani ana nusu saa zaidi.

Kwa "pengine" tuna maneno mawili yenye viti tofauti. "Maybe" na "perhaps" zinapenda kuanza sentensi, "probably" inapenda mwanyani. Kima punju wa Jozani wanajulikana kwa kula mkaa, jambo ambalo watafiti wanalieleza kwamba linawapunguzia sumu ya majani kama ya miembe na mikungu. Ukimuona mmoja ameshika kitu cheusi na huna hakika, sema "Maybe it is eating charcoal" au "It is probably eating charcoal". "It is maybe eating charcoal" utaisikia mitaani, ila kwa kazi ya kuongoza watu ningeiepuka.

Kukanusha: sentimita moja, maana nyengine

Kama kuna sehemu moja ambayo ningependa kila anayefanya kazi na wageni aisome mara mbili, ni hii. Mara tu "not" inapoingia, kielezi kinakuwa ama ndani ya ukanushaji ama nje yake.

"She isn't really listening."
"She really isn't listening."

Ya kwanza: anasikiliza juu juu, akili haipo. Ya pili: hasikilizi hata kidogo, nakuhakikishia. Kielezi kilicho baada ya "isn't" kimemezwa na ukanushaji, kile kilicho kabla yake kinausukuma.

Tazama linavyofanya kazi kwenye neno zito kama "deliberately". Mgeni analalamika kwamba mhudumu hamjibu:

"He isn't deliberately ignoring you."
"He is deliberately not answering you."

Ya kwanza inamtetea mhudumu: si kwa makusudi. Ya pili inamshtaki: amekusudia kutokujibu. Maneno yanakaribiana sana, na mtu aliyejaa wasiwasi mbele ya mgeni mwenye hasira anaweza kuchanganya moja na nyengine.

Bado yetu ya kukanusha nayo inagawanyika. Sisi tunasema "boti bado haiondoki" na sauti ndiyo inayosema kama tumechoka kusubiri. Kiingereza kinatutaka tuchague:

"The boat isn't leaving yet."
"The boat still isn't leaving."

"Yet" mwishoni ni ya utulivu, saa haijafika, kaa unywe chai. "Still" kabla ya "isn't" ni ya aliyekata tamaa, saa imepita na haijaondoka. Mfanyakazi wa bandarini anayemtuliza abiria achague ya kwanza. Abiria mwenyewe ana haki ya kutumia ya pili. Na ikiwa safari imefutwa, ni "The boat isn't leaving any more", au kwa maandishi rasmi "The boat is no longer leaving today".

"Probably" nayo hutangulia ukanushaji: "It probably isn't leaving". "It isn't probably leaving" inakwaza sikio la mwenye lugha.

Kuuliza, na chumba kinachosafishwa

Katika maswali "is" inaruka mbele lakini kielezi hakiifuati, kinabaki karibu na "-ing", baada ya mtendaji: "Are you still serving breakfast?" "Why is he always shouting?" "Is the tide already coming in?" Anayesema "Are still you serving" amekichukua kielezi pamoja na kisaidizi ("are"), na hawakuagana kwenda pamoja.

Watu wa hoteli wana umbo jengine wanalolitumia kutwa: "The room is being cleaned." Hapa mianya ni miwili, mmoja baada ya "is" na mmoja baada ya "being", na kila mmoja una wateja wake. Vielezi vya habari ya jambo zima vinashika wa kwanza: "The room is still being cleaned", "Your bags are already being taken up". Vile vya namna vinaweza kushika wa pili, karibu na kazi yenyewe: "The pool is being thoroughly cleaned." Na hapa "well", ambayo hapo juu tuliifungia mlango, inaruhusiwa kuingia: "Your children are being well looked after." Sentensi hiyo inafaa kuikariri, kwa sababu mzazi aliyewaacha watoto na mlezi wa hoteli hana swali jengine.

Kabla ya "is"

Nafasi hii ni ya nadra na ina masharti. Kielezi kikikaa kabla ya "is" bila kukanusha, sauti lazima iikazie "is" yenyewe: "He really is coming", yaani anakuja kweli, acha kushuku. Na hapo "is" haifupishwi. "He's really coming" ndiyo umbo la kawaida, kielezi kikiwa baada.

Penye majibu mafupi hali inageuka kuwa kanuni. Mgeni akiuliza "Is it still raining?", na jibu ni ndiyo, hakuna tena "-ing" ya kujificha nyuma yake, basi kielezi kinatangulia: "Yes, it still is." Akiuliza "Is he always late with the keys?", mlinzi mkweli atajibu "He usually is." Ukisema "He is usually" na kunyamaza, msikilizaji atabaki akikutazama, akingoja umalizie.